Michezo ya kompyuta ya kumfunza mtoto mdogo: upi uchukue, upi uache

Mtu yeyote anaweza kutengeneza mchezo wa kompyuta, akauita wa elimu, akaandika "miaka 2 hadi 5" na kuuweka kwenye duka la programu, bila mtu wa kumuuliza kama kuna mtoto aliyewahi kujifunza chochote kwa kuucheza. Mwaka 2021 watafiti nchini Marekani walichapisha uchambuzi wa programu 124 za watoto zilizojinadi kuwa za elimu. Asilimia 58 ziliambulia alama za chini. Tatizo halikuwa herufi zilizokosewa wala hesabu mbovu. Walichopima ni kama mchezo unamfanya mtoto awaze, kama unamwacha atulie kwenye jambo moja, kama anachojifunza kina maana katika maisha yake, na kama unampa nafasi ya kucheza na mtu mwingine. Hapo ndipo programu nyingi zilipoanguka.

Kwa hiyo mzazi au mlezi anayemtafutia mchezo mtoto wa miaka miwili au mitatu hana budi kuchambua mwenyewe. Nalinganisha hapa kwanza aina za michezo, halafu programu chache ninazoona zinastahili kutajwa, na sitaficha ninakoegemea. Kwa umri huu naegemea mchezo unaomsubiri mtoto, usio na pupa, unaompa mkubwa aliyeketi kando yake kitu cha kuzungumzia. Mchezo unaoongea bila kupumua naushusha chini, hata uwe na herufi zote na namba zote.

Umri kwanza

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2019: mtoto wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, ikipungua ni heri zaidi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, kilisema chini ya miezi 18 skrini iwe ya kupiga simu za video tu, na kati ya miezi 18 na 24 mzazi anayetaka kuanza achague vitu bora na avitazame pamoja na mtoto. Mchezo unaodai kumlenga mtoto wa miezi kumi, basi, haumo kwenye ulinganisho huu, na nakushauri usiuweke hata kwenye orodha yako.

Kuna sababu nzito nyuma ya tahadhari hiyo. Mwaka 1998 wanasaikolojia Georgene Troseth na Judy DeLoache waliwaonyesha watoto wa miaka miwili, kupitia televisheni, mtu akificha mwanasesere katika chumba cha pili. Kisha wakawaambia waende wakamtafute. Wengi hawakujua pa kuanzia. Watoto wa umri uleule waliotazama tendo lilelile kupitia dirisha walikwenda moja kwa moja mahali pake. Watoto wa miaka miwili na nusu, kwa upande wao, waliweza hata kwa televisheni.

Fikiria maana yake kwa mchezo wa kuhesabu. Mtoto wa miaka miwili anaweza kugusa bata watatu kwenye skrini, mchezo ukasema "moja, mbili, tatu" na kumpigia makofi, halafu ukimwekea vijiko vitatu mezani asione uhusiano wowote. Anayemuunganishia mambo hayo mawili ni mtu. Kwa hiyo unapolinganisha michezo miwili kwa ajili ya mtoto wa umri huu, usiulize tu upi una masomo mengi. Uliza pia upi unakupa wewe nafasi ya kusema, "Vijiko vyetu viko vingapi? Hebu tuvihesabu."

Kompyuta au kishikwambi?

Kidole hujifunza haraka kuliko kipanya. Kwenye skrini ya kugusa, mtoto anagusa kile anachokiona. Kwenye kompyuta ya kawaida, mkono uko mezani, macho yako juu, na kitu cha tatu, kile kishale, kinatembea kwa kufuata mkono ambao mtoto hautazami. Kwa wengi wa miaka miwili hilo ni gumu mno. Kubofya mara mbili ni kugumu zaidi, na kuburuta huku kitufe kimeshikiliwa ndiko kugumu kupita vyote. Mtoto akishindwa hapo si kwamba hajui rangi nyekundu. Kidole chake ndicho hakijakomaa, na mchezo unaohesabu hilo kuwa jibu lisilo sahihi unamdhulumu.

Hata hivyo sikipi kishikwambi ushindi wa moja kwa moja. Wepesi wake ndio unaoleta shida: kinabebeka hadi kitandani, kinaishia mikononi mwa mtoto aliyejikunja pembeni peke yake, na mkubwa huona afueni akaondoka. Kompyuta ya mezani inakaa mahali pake. Ili mtoto acheze, mtu anampakata au anavuta kiti kando yake. Skrini ni kubwa, watu wawili wanaona vizuri, na ikizimwa imezimwa.

Ukiwa na vyote viwili, mtoto wa miaka miwili mpe skrini ya kugusa, ukiwa umeishika wewe. Kipanya kianze kuja karibu na miaka mitatu na nusu au minne, kiwe kidogo cha kuenea kiganjani, na kasi ya kishale uipunguze kwenye mipangilio ya kompyuta. Ukiwa na kompyuta peke yake, bado una michezo mizuri. Ninayoipenda zaidi, kwa kweli, iko huko.

Michezo ya maswali na michezo huru

Tofauti hii ndiyo inayoamua kuliko bei, picha au jina la kampuni.

Mchezo wa maswali una jibu moja. "Nyekundu iko wapi?" Mtoto anagusa, mchezo unasema ndiyo au hapana, kunakuja nyota, kunakuja swali lingine. Wazazi wengi huupenda kwa sababu matokeo yake yanaonekana: wiki mbili zikipita mtoto anataja rangi, na mtu anasema mchezo umefundisha. Nguvu yake ni kukazia jambo ambalo mtoto tayari ameanza kulijua. Udhaifu wake unaonekana ukimtazama mtoto wa miaka miwili na miezi kadhaa akicheza. Ameshagundua kuwa picha ziko tatu tu, na kwamba akizigusa zote haraka haraka moja itatoa nyota. Hasikilizi swali tena. Mchezo unamhesabia ushindi na kumpeleka ngazi ya pili.

Mchezo huru hauna jibu. Kuna karatasi ya kuchorea, au nyumba yenye vitu vya kusogeza, au wanyama wa kuwalisha na kuwalaza. Mtoto akimwaga maji sakafuni, maji yanamwagika, basi. Hakuna alama. Mzazi anayetaka kuona maendeleo huwa na wasiwasi hapa, kwa sababu hakuna karatasi ya matokeo. Lakini sikiliza mazungumzo yanayozaliwa. Kwenye mchezo wa maswali mkubwa husema, "Hapana, siyo hiyo. Eeh, hiyo hiyo!" Kwenye mchezo huru husema, "Mbona umemfunika paka? Anasikia baridi?" na mtoto analazimika kutafuta maneno. Kwa umri ambao lugha inachipuka kwa kasi, mazungumzo ya pili yana thamani kubwa zaidi kuliko kuongeza rangi ya tisa.

Kwa hiyo kwa miaka miwili hadi mitatu napendekeza mchezo huru uwe ndio mkuu, na wa maswali uwe wa kuonja. Akifika miaka minne mizani inaweza kubadilika.

Kuna aina ya tatu, ya bonyeza-chochote: kila kitufe kinachoguswa kinatoa herufi, umbo au mlio. Hii haifundishi herufi, tusidanganyane. Inafundisha kwamba mkono wangu ukifanya hivi, kitu kile kinatokea. Kwa mtoto anayeanza, hilo ni somo halali, ila linaisha mapema.

Programu tano, ana kwa ana

| Programu | Kifaa | Umri unaolengwa | Malipo |
|---|---|---|---|
| GCompris | Windows, macOS, Linux, Android | 2 hadi 10 | bure |
| Tux Paint | Windows, macOS, Linux, Android | 3 hadi 12 | bure |
| Khan Academy Kids | simu na vishikwambi | 2 hadi 8 | bure |
| BabySmash | Windows | wanaoanza kupiga kibodi | bure |
| Sago Mini World | simu na vishikwambi | 2 hadi 5 | usajili |

*GCompris* ilianzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Bruno Coudoin, na leo inatunzwa ndani ya KDE, jumuiya ya watengenezaji wa programu huria. Ni mkusanyiko wa shughuli zaidi ya 100, kuanzia kuchezea kipanya hadi sataranji. Haina matangazo, na ukishaisakinisha inacheza bila intaneti.

Nieleze kwa undani shughuli zake tatu, kwa sababu zinaonyesha kazi ya mtu aliyemfikiria mtoto. Katika ya kwanza, picha ya mnyama imefunikwa na vigae. Mtoto anasogeza kipanya tu, habofyi, na kila kigae anachopitia kinatoweka hadi mnyama aonekane. Katika ya pili, vigae ni vilevile lakini sasa lazima abofye. Katika ya tatu, lazima abofye mara mbili. Basi. Hakuna swali wala saa inayokimbia. Ugumu mmoja unaongezwa kwa wakati mmoja, na mtoto anaweza kukaa wiki nzima kwenye shughuli ya kwanza bila kuambiwa amechelewa. Wewe kando yake unauliza, "Unadhani ni nani aliyejificha?" Sikio moja likitokeza, mtoto anaanza kubashiri. Katika michezo yote niliyoilinganisha hapa, sijaona njia nzuri kuliko hii ya kumzoesha mtoto kipanya.

Kasoro yake ni wingi. Mtoto wa miaka miwili akifungua menyu anakutana na shughuli za kugawanya na kuzidisha. Suluhisho lipo: kila shughuli ina nyota za ugumu, na kwenye mipangilio unaweza kuficha zote zinazozidi kiwango unachotaka. Usipofanya hivyo siku ya kwanza, utaona kama programu haifai, na mtoto atakuwa amebofya mahali asipoelewa kitu akakata tamaa. Picha zake pia si za kung'aa kama za michezo ya kulipia. Mimi hilo silioni kuwa hasara.

*Tux Paint* ni ya kuchora. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 2002, mtunzi wake Bill Kendrick. Vitufe ni vikubwa, kila chombo kina mlio wake, na kuna mihuri ya picha, mnyama au gari, ambayo mtoto anaigonga kwenye karatasi. Jambo lililonivutia zaidi ni namna inavyohifadhi kazi. Mtoto hafungui kisanduku cha kuuliza jina la faili wala kuchagua folda. Anabofya kuhifadhi, mchoro unahifadhiwa, na akitaka kuufungua anaona vipicha vya michoro yake mwenyewe. Kuna kitufe cha kutengua, kwa hiyo hakuna kosa lisilorudishika.

Watengenezaji wanasema miaka mitatu na kuendelea, nami nakubaliana nao kwa mtoto anayetumia kipanya. Kwenye skrini ya kugusa, mwenye miaka miwili na nusu anaiweza, hasa mihuri, ambayo inahitaji mguso mmoja tu. Kwa upande wa mazungumzo hakuna inayoishinda. Mtoto akigonga muhuri wa samaki juu kabisa ya karatasi, muulize, "Baba, huyu samaki anaruka?" na uone hadithi itakayofuata. Mchoro ukiuchapisha na kuubandika ukutani, mchezo umetoka kwenye skrini na kuingia chumbani, na pale ndipo unapotaka ufike. Ila kumbuka rangi za skrini hazina kunata, harufu wala uzito. Mwenye penseli za rangi na karatasi amfungulie mtoto hizo kwanza, na Tux Paint iwe nyongeza.

Nikilinganisha hizi mbili peke yake: GCompris inamfaa zaidi mtoto anayependa kugundua na kumaliza, Tux Paint inamfaa anayependa kutengeneza. Kwa kuwa zote ni za bure na hazihitaji kompyuta yenye nguvu, hakuna sababu ya kuchagua moja. Anza na vigae vya GCompris mpaka mkono uzoee, kisha fungua Tux Paint.

*Khan Academy Kids* ilitoka mwaka 2018. Ni ya bure kabisa, haina matangazo, na ina vitabu, nyimbo, herufi, hesabu na masuala ya hisia, vyote vikiongozwa na kikundi cha wanyama. Programu inafuatilia mtoto anavyojibu na kumpangia kinachofuata. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano anayejiandaa kwa shule, ni imara kuliko zote zilizoko hapa. Kwa wa miaka miwili ina mambo mawili yanayonifanya nisite. Kwanza, kujipangia kwake kunamvuta mtoto mbele, shughuli baada ya shughuli, na mkubwa anabaki mtazamaji. Pili, inazungumza Kiingereza, na inazungumza sana. Ukiitumia, pita kwenye maktaba yake, chagua kitabu kimoja wewe mwenyewe, kisha uifunge.

*BabySmash* ya Scott Hanselman ni ile ya bonyeza-chochote. Inachukua skrini nzima na kuzuia vitufe ambavyo vingemtoa mtoto kwenye mchezo akaenda kufuta kazi zako. Kila herufi inayopigwa inatokea kubwa yenye rangi na kutamkwa. Faida yake kubwa ni kwa mtoto anayekuona ukiandika na kung'ang'ania kibodi: unampa nafasi yake, anapiga, mnacheka, mnaendelea na mengine. Usitarajie zaidi ya hapo. Kufunga, bonyeza Alt na F4 kwa pamoja. Wengi huisakinisha bila kujua hilo wakabaki wanahangaika.

*Sago Mini World* inatoka Kanada, studio ya Toronto, na ni mchezo huru halisi: wanyama, safari, majumba, vyakula vya kuchanganya, pasipo alama wala kushindwa. Karibu haina maneno, jambo zuri sana kwa nyumba isiyotumia Kiingereza. Ubora wa utengenezaji na picha ni wa juu. Kinachobaki ni malipo yanayojirudia, ambayo nitayarudia punde.

Lugha ya mchezo

Michezo mingi inaongea Kiingereza. Kwa rangi, maumbo na wanyama, dawa ni nyepesi: zima sauti, ongea wewe. Mtoto anapoteza milio kidogo na kupata lugha ya nyumbani kutoka kinywa cha mtu anayempenda.

Herufi ni jambo jingine, na hapa nasisitiza. Mchezo wa Kiingereza unamfundisha mtoto kwamba A inaitwa "ei", E inaitwa "ii", na I inaitwa "ai". Kiswahili kinasomwa kwa irabu tano zisizobadilika, na mtoto anasoma kwa silabi: ba, be, bi, bo, bu. Mtoto aliyekaririshwa kwamba E ni "ii" atakapokutana na neno "bibi" na "bebe" atakuwa na kazi ya kufuta kabla ya kuandika upya. Kama lugha yake ya kwanza kusoma itakuwa Kiswahili, michezo ya alfabeti ya Kiingereza iache hadi atakapokuwa ameshika irabu za kwetu. Miaka miwili au mitatu si umri wa kukimbizana na alfabeti hata hivyo. Akijua kwamba "mama" na "maji" vinaanza kwa sauti moja, amepiga hatua kubwa kuliko kuimba herufi 26 asizozielewa.

Bure, usajili na matangazo

Kuna bure za aina mbili. GCompris, Tux Paint na Khan Academy Kids ni bure kwa sababu wanaozitengeneza hawataki faida kutoka kwa mtoto. Bure ya pili inalipwa na matangazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipitia programu 135 za watoto wa miaka mitano kushuka chini na kukuta asilimia 95 zina angalau aina moja ya matangazo. Baadhi yalikuwa video zinazokatiza mchezo. Mengine yalikuwa mhusika wa mchezo wenyewe akimshawishi mtoto anunue, na katika programu moja mhusika huyo alitokwa machozi mtoto alipotoka dukani bila kununua. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kutofautisha rafiki yake wa kwenye skrini na muuzaji. Mchezo wa namna hiyo siufikirii mara mbili, naukataa.

Kati ya bure yenye matangazo na usajili usio na matangazo, bora usajili, lakini soma namna ya kuusitisha kabla ya kuweka kadi. Mwaka 2020 Age of Learning, kampuni inayomiliki ABCmouse, programu ya usajili ya kufunzia watoto, ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza shauri lililofunguliwa na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, iliyodai kuwa wateja walikuwa wakiongezewa muda na kutozwa bila kuelezwa vizuri, na kwamba kujitoa kulifanywa kugumu. Siku unapojisajili, weka kikumbusho kwenye simu siku mbili kabla ya kipindi cha majaribio kuisha. Na kwa mtoto wa umri huu, ambaye huganda kwenye michezo miwili mitatu tu, maktaba ya michezo mia moja unayolipia kila mwezi ni chumvi nyingi kwa mboga kidogo. Programu inayolipiwa mara moja, au ya bure isiyo na matangazo, inamtosha.

Ujaribu mwenyewe kabla hajaugusa

Mtoto akiwa amelala, fungua mchezo na uufanyie mambo matatu. La kwanza, usifanye chochote kwa dakika nzima. Mchezo mzuri unakaa kimya au unakumbusha mara moja kwa upole. Mbaya unaanza kuita, kumetameta, kusukuma. Mtoto anayewaza huonekana kama hafanyi kitu, na mchezo usiostahimili kimya haumwachii nafasi ya kuwaza.

La pili, kosea makusudi, tena na tena. Sikiliza mlio wa kosa. Kuna michezo ambayo kosa linatoa kituko cha kuchekesha kuliko jibu sahihi, na mtoto, kwa akili zake timamu, atachagua kukosea. Kuna mingine inayozomea. Unachotafuta ni mchezo unaomrudisha kwenye swali bila kelele, au unaoonyesha kwa nini haikuwezekana: kipande cha mviringo kimegoma kuingia kwenye tundu la mraba, mwenyewe anaona.

La tatu, gusa ovyo ovyo kama mtoto, kwa kiganja kizima. Ulifika dukani? Ulitoka kwenye mchezo? Ulishinda? Ukishinda kwa kugusa ovyo, mchezo huo haufundishi hata kama umeandikwa elimu kwa herufi kubwa. Ukiangukia dukani au nje ya mchezo, ona kama kifaa chako kinaweza kumfungia mtoto ndani ya programu moja. Kwenye iPhone na iPad kuna Guided Access. Android ina njia ya kubandika programu kwenye skrini. Kwenye Tux Paint, programu yake ya mipangilio inakuruhusu kuzuia kitufe cha kutoka na hata kudhibiti uchapishaji, usije ukakuta wino umeisha kwa michoro arobaini ya samaki mmoja.

Mchezo ukipita hapo, mpe mtoto kwa wiki moja, muda uleule wa siku, robo saa hivi, wewe ukiwa kando. Usitazame nyota alizopata. Tazama anachofanya skrini ikizimwa. Kama anamtafuta paka wa mchezoni chini ya meza, kama anataka kuchora samaki yule kwa penseli, kama anakuuliza mnyama gani atajificha kesho, ubakize. Kama kila siku kuzima ni kilio kirefu na hakuna neno hata moja la mchezo linalosikika baadaye, uondoe na ujaribu mwingine. Na asipouelewa kabisa, uweke kando miezi mitatu kisha umrudishie. Watoto wa umri huu hubadilika haraka, na vigae alivyovipita bila kujali mwezi wa kwanza vinaweza kuwa ndivyo atakavyoviomba.